Ijumaa Niliyoliacha Gari la Jaji Lijikaushe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufunguo. Nilipewa ndoo mbili, matambara ya pamba, na kipande cha ngozi laini kilichokuwa kimekauka hata kikawa kigumu kama samaki wa kuanikwa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mama yangu alilipiga pasi alfajiri nyumbani kwetu Kisenyi, kwa kuwa barua niliyoandikiwa ilisema "dereva", na kwa fikra zetu dereva wa serikali alikuwa mtu wa shati jeupe.

Aliyenipokea alikuwa Mkuu wa Yadi ya Magari, mwanajeshi mstaafu ambaye sote tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisichojali neno lipi linafuata lipi alimradi amri imefika.

"Wewe mtu ya Kisenyi," aliniambia, "hiyo shati umevaa ya harusi?"

"Hapana, Afande. Ya kazi."

"Basi kazi iko pale." Akanyoosha kidole kwenye safu ya magari kumi na moja yaliyojaa vumbi jekundu la barabara za mikoani. "Osha. Miezi tatu hakuna kushika usukani. Gari ijue kwanza mkono yako."

Kwa hiyo nilianza udereva kwa kuosha, na leo vijana wanaponiona naosha gari la binti yangu uani na kuniuliza mbona halina hata alama moja ya tone, huwa nawajibu kwamba nilisomeshwa miezi mitatu na serikali. Wanacheka. Ni kweli tupu.

Afande hakufundisha kwa maneno mengi. Ndoo ya kwanza ni ya sabuni, ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia tambara kabla halijarudi kwenye sabuni, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari. Unaanza na paa, unashuka vioo, unashuka milango, unamaliza chini. Rimu za magurudumu zina tambara lao peke yao, na ole wako tambara hilo lionekane juu ya boneti. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni marufuku, kwa sababu inakula nta, yaani ule utando mwembamba unaopakwa juu ya rangi ili maji yateleze. Haya yote yalikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kukausha.

Mtu asiyejua hudhani gari likishasuuzwa kazi imekwisha. Kwa Afande hapo ndipo kazi ilipoanza. Maji yakiachwa juu ya rangi yanajikusanya kuwa matone. Tone likipigwa na jua linaondoka, lakini haliondoki na kila kitu chake. Chumvi na chokaa iliyokuwamo ndani inabaki pale pale, duara jeupe dogo lenye ukingo. Hilo ndilo doa la maji. Likikaa kwa saa chache, hasa kwenye rangi nyeusi na joto kali, linauma rangi, na hapo kitambaa hakilitoi tena.

Mara ya kwanza nilipoacha madoa, Afande alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Rajabu."

"Naam, Afande."

"Hii ni gari ama chui?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Kwa wiki mbili waliniita Baba Chui. Baada ya hapo sikuacha tena doa, hata kwenye magari ya mizigo ambayo hakuna aliyeyatazama.

Baada ya miezi mitatu nilipewa ufunguo na kupelekwa kwa Mhandisi Mkuu wa maji, mtu mrefu, mpole, aliyependa kueleza mambo hata pale ambapo hajaulizwa. Nilimwendesha miaka minne. Tulipita barabara za udongo kutoka kisima hadi kisima, naye kiti cha nyuma akiongea. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba maji hayalingani. Maji ya mvua ni laini kuliko yote, hayana kitu ndani. Maji ya bomba yako katikati. Maji ya kisima kirefu yamekaa chini na mawe muda mrefu, na mengine yana chokaa nyingi sana.

"Tazama birika la nyumba yoyote," aliniambia siku moja. "Ukiona ukoko mweupe ndani, usioshee gari lako maji ya nyumba hiyo, Rajabu. Au ukiosha, usisubiri. Kausha hapo hapo."

Naandika maneno yake kamili kwa sababu nataka ieleweke kwamba niliambiwa. Lililotokea baadaye sikulifanya kwa kutojua.

Mhandisi Mkuu alipostaafu, nilihamishwa kwa jaji mmoja mwanamke, ambaye sote tulimwita Mama Jaji.

Kwa dereva wa yadi, hapakuwa na cheo cha juu zaidi ya hicho. Gari lilikuwa jeusi, refu, jipya, na liling'aa hata ukaona mawingu yakitembea kwenye boneti. Lilikuwa likilala nyumbani kwake, kwenye kilima kilicho juu ya mtaa wa Wandegeya, nami nililiosha uani kwake kila asubuhi. Lakini sikuwa nimethibitishwa. Utaratibu wa yadi ulikuwa kwamba dereva anajaribiwa miezi mitatu, kisha bosi anatia saini barua. Asipotia saini, dereva anarudi kwa Afande, kwenye ndoo, na hapelekwi tena kwa mkubwa yeyote. Nilikuwa nimeoa mwaka ule. Mke wangu alikuwa ameshawaambia ndugu zake kwamba mumewe ni dereva wa jaji.

Mama Jaji alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika mahakama za mpakani, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Alikipenda. Jina langu kinywani mwake lilikuwa Lajabu, na sikumsahihisha hata siku moja, kwa kuwa alilitamka kwa heshima. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ukimweleza jambo alikutazama mpaka umalize, kisha akaendelea kukutazama kidogo, na katika hicho kidogo ndipo watu walipojikuta wanasema na yale waliyokuwa wameyaficha.

Nami nilikuwa na langu la kuficha. Kanuni ya kwanza ya yadi ilikuwa dereva haachi gari. Hata kwenda kula, unakula ukiliona. Ijumaa zote tangu nianze kwa Mama Jaji, adhana ya adhuhuri ilipolia kule chini Wandegeya, nilimwachia mlinzi geti na gari, nikashuka mbio msikitini, nikaswali, nikapanda mbio. Dakika arobaini na tano hivi, kwenda na kurudi. Ijumaa Mama Jaji alifanyia kazi nyumbani, ndani, akisoma mafaili. Hakuwahi kuniita katika saa ile, nami sikuwahi kumwambia. Niliogopa kwamba nikiomba ruhusa atakumbuka kuwa anaweza kupata dereva asiyehitaji ruhusa.

Ijumaa moja, zilikuwa zimebaki siku tatu tu miezi yangu mitatu itimie. Alasiri Mama Jaji alikuwa na kwanjula, sherehe ya Waganda ambapo kijana anayetaka kuoa hutambulishwa kwa wazazi wa msichana. Anayewaongoza wageni na kuwaingiza ndani ni shangazi wa msichana, dada wa baba yake, ambaye huitwa ssenga. Siku ile ssenga alikuwa Mama Jaji mwenyewe. Ukoo mzima ungemtazama yeye, na gari alilokuja nalo.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu Jumatano. Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi la maji ya mvua, lakini ilinibidi kuyabeba kwa jerikeni, ngazi ishirini na mbili. Jirani alikuwa na kisima kirefu na mpira wa maji uliofika mpaka ukutani kwetu. Nikauchukua mpira. Niliosha vizuri, nasema kweli, paa mpaka rimu. Nikasuuza. Nikanyoosha mkono kuichukua ile ngozi ya kukaushia, na adhana ikalia.

Nikatazama juu. Kulikuwa na wingu zito, la kijivu, limetulia juu ya mji. Nikajiambia kwamba wingu hili litanilindia gari kwa saa moja. Nikaenda.

Tulipotoka msikitini jua lilikuwa limewaka kama tanuri.

Niliporudi gari lilikuwa kavu kabisa, na kutoka paa mpaka buti lilikuwa na madoa meupe, maelfu, kila moja duara kamili. Nilisugua kwa ngozi yenye maji. Hayakusogea. Nilisugua kwa sabuni. Hayakusogea. Ndani ya nyumba nilisikia Mama Jaji akimwambia mpishi kwamba tutaondoka baada ya nusu saa.

Hapo nikaikumbuka siri ya madereva wavivu. Kule yadini, gari lenye madoa lilipotakiwa ghafla, walichovya tambara kwenye dizeli na kulipaka mwili mzima. Madoa yanazama chini ya mafuta, rangi inang'aa kuliko mpya. Afande akikukamata unafukuzwa. Nami katika buti nilikuwa na dizeli kidogo kwenye chupa, ya kusafishia boliti zilizoshika kutu. Nikapaka. Gari likawaka. Mama Jaji alipotoka, amevaa gomesi, vazi refu la Kiganda, jipya, la rangi ya maziwa, alisimama kwenye ngazi akatabasamu.

"Lajabu! Leo umejishinda."

Nikamfungulia mlango.

Nyumba ya ndugu yake ilikuwa nje ya mji, na vipande vya mwisho vya barabara vilikuwa vya udongo mwekundu. Wajuzi mnajua tayari. Vumbi likianguka kwenye rangi kavu linapeperuka. Likianguka kwenye dizeli linakaa. Tulipofika, lile gari jeusi lilikuwa rangi ya tofali. Niliruka kumfungulia mlango, lakini alikuwa ameshashuka upande wake, na aliposhuka gomesi ikagusa mwili wa gari, kuanzia kiunoni mpaka karibu na goti. Alipogeuka niliona utepe mweusi na mwekundu, upana wa kiganja, umepita juu ya rangi ya maziwa. Wanawake waliokuwa getini wakaitazama gomesi, kisha wakanitazama mimi.

Mama Jaji akajitazama. Akagusa lile doa, akanusa kidole.

"Lajabu, hii ni nini?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Kituo cha mafuta, Mama, kijana wa pampu alimwaga. Angeyaamini, tulikuwa tumepita kituoni. Alikuwa ananitazama tu.

"Ni dizeli, Mama. Niliacha gari likauke lenyewe, likaota madoa. Nikapaka dizeli kuyaficha."

Akaendelea kunitazama kidogo. Kisha akafungua ule mshipi mpana wa gomesi unaofungwa kiunoni, akaufunga upya, ncha zake ndefu zikaangukia upande wenye doa, akazikunjakunja mpaka likafunikwa.

"Nimesikia," alisema. "Hukumu itatoka Jumatatu."

Akaingia ndani kichwa juu, na wanawake wakapiga vigelegele.

Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko ya siku mbili, nilifika mapema, barua yangu isiyo na saini ikiwa mfukoni. Mama Jaji alitoka na kikombe cha chai, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Mahakama imekaa," alisema. "Lioshe, nione. Tangu mwanzo."

Nikalisogeza gari kwenye kivuli cha ukuta.

"Kwa nini unalisogeza?"

"Jua linakausha sabuni na maji kabla mkono haujafika, Mama. Na bati likiwa la moto, nasubiri lipoe kwanza. Ukiweka kiganja kisiungue, ndipo unaanza."

Nikayabeba maji ya mvua kutoka tangini, jerikeni baada ya jerikeni. Nikaondoa dizeli na vumbi lake kwa sabuni, mara mbili. Kisha nikachukua siki nyeupe ya jikoni, nusu siki nusu maji, nikalowesha kitambaa laini, nikakilaza juu ya madoa, sehemu ndogo ndogo, dakika moja, nikafuta taratibu bila kukandamiza, nikasuuza mara moja kila sehemu. Siki inayeyusha chokaa, lakini nayo ikiachwa ikauke inaharibu. Madoa yakaanza kutoka. Mama Jaji alishuka ngazi mbili ili aone vizuri.

Katika kusuuza kwa mwisho nilimwaga maji polepole kutoka mdomo wa jerikeni, nikianzia katikati ya paa, bila kurusha. "Ukirusha yanakatika kuwa matone," nilimwambia. "Ukimwaga hivi yanashuka pamoja kama shuka, yanachukua na wenzao." Kisha ngozi, iliyoloweshwa na kukamuliwa, maana kavu hainywi maji. Nililaza ngozi wazi juu ya boneti na kuivuta kwangu, bila kusugua, nikaikamua, nikailaza tena. Paa, vioo, boneti, buti, milango. Nikafungua milango yote, nikafuta kingo zake za ndani. Nikafuta nyuma ya vioo vya pembeni, chini ya vitasa, pembeni mwa taa na bamba la namba, mahali ambapo maji hujificha na kuchuruzika baadaye ukidhani umemaliza. Mwisho kitambaa cha pili, kikavu kabisa, kwa ule unyevu usioonekana.

Mama Jaji aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unajua kazi."

"Naijua, Mama."

"Na maji haya ya mvua, Ijumaa hayakuwepo?"

"Yalikuwepo. Kuyabeba ni kazi ndefu. Nilikuwa na haraka."

"Tuliondoka saa nane na nusu. Haraka ya nini?"

Ngozi ilikuwa mkononi mwangu, nikawa naikamua ingawa haikuwa na maji tena. Kosa la madoa lilikuwa la mkono. Hili lilikuwa la kanuni, na kanuni ya yadi haikuwa na onyo la pili. Nilimfikiria mke wangu na ndugu zake.

"Nilikwenda kuswali, Mama. Ijumaa. Nilimwachia mlinzi gari."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa zote. Tangu nije kwako."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

Chini kabisa Wandegeya palisikika honi na sauti za wanafunzi wakinunua kifungua kinywa.

"Ungeniomba, ningekukatalia?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Ndiyo maana sikuomba."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka ngozi. Alitaka barua. Akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti niliyotoka kuikausha.

"Madoa umeyasafisha mwenyewe. Gomesi utaipeleka kwa dobi wewe, na utasimama pale mpaka aoshe, kwa sababu mimi naona aibu kumweleza. Kosa la kuondoka bila ruhusa ni lako, lakini miezi mitatu dereva wangu anakimbia kwenda kumwomba Mungu kama mwizi, na mimi niko dirishani nasoma sheria. Hilo si lako peke yako." Akanirudishia barua. Chini ya saini aliongeza mstari mmoja: dereva huyu apewe nafasi ya sala kila Ijumaa, na gari liegeshwe wakati huo.

Niliipeleka barua yadini. Afande aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Jaji ameandika hii?"

"Ndiyo, Afande."

"Wewe ulimpa nini?"

"Ukweli, Afande. Kwa kuchelewa."

Aliguna, akaiweka failini. Ijumaa iliyofuata madereva wengine wawili, Waislamu wenzangu, waliokwisha kusikia habari ya madoa, walijipanga mbele ya dirisha lake.

"Na nyinyi mko na barua ya jaji?" akawauliza.

"Hapana, Afande," mmoja akasema. "Lakini tuko na magari nyeusi, na jua ni kali."

Afande aliwatazama, akatutazama sote, kisha akageuza uso ili tusimwone akicheka. Kuanzia mwezi ule, kanuni ya kwanza ya yadi ilikuwa na kifungu cha pili.

Nilimwendesha Mama Jaji miaka kumi na tisa. Madoa matatu kwenye boneti, karibu na kioo cha mbele, hayakutoka mpaka gari lile lilipouzwa. Yalikuwa yameshauma rangi. Baada yake nilipelekwa kwa Mkurugenzi mmoja, kisha mwingine. Walikuwa watu wema, na sina la kusimulia juu yao ila kwamba magari yao yalikauka vizuri. Mwaka niliotimiza umri wa kustaafu, wakanipa cheti na saa ya ukutani, wakanipigia makofi.

Vijana wananiuliza siku hizi kuhusu vitambaa vipya na mashine za kupuliza hewa. Vitambaa vipya ni vizuri, vinanyonya kuliko ngozi yangu, na mashine inatoa maji nyuma ya vioo pasipofika kidole. Nunueni mkiweza. Lakini kinachohitajika zaidi hakiuzwi katika maduka ya Nakivubo. Ni zile dakika ishirini baada ya kusuuza, ukiwa huna pengine pa kuwa. Gari halikudai mengine. Mimi nilitaka kumpa Mungu saa yake na kumpa bosi saa hiyo hiyo, kila mmoja asijue ya mwenzake, na gari jeusi likaiandika siri yangu mwili wake mzima.

Ijumaa hizi namaliza gari la binti yangu saa tano. Nakunja ngozi, nalowesha uso, navaa kanzu. Binti yangu huniuliza mbona naondoka mapema hivyo, msikiti uko hapo tu, mtaa wa pili. Namwambia napenda kwenda kwa miguu, polepole, watu wote wakiniona.